Drili ya Kwanza ya Nyumbani: Ipi Ichukue, Ipi Iache Dukani

Kinachochagua drili ni ukuta wako, kisha ndipo mfuko nao uulizwe. Nyumba ya tofali za saruji iliyopigwa plasta ina zege kwenye nguzo, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na slabu tu. Kwingine kote ni bloku, na bloku haina ubishi mkubwa. Ghorofa lenye kuta za zege ni habari nyingine. Tofali za kuchoma mara nyingi hupitika bila kugongwa kabisa. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe au Lamu ukizigonga zinamomonyoka, na unaishia na shimo la kuingiza kidole pale ulipotaka tundu la skrubu.

Mpangilio huu unamlenga mwenye nyumba ya bloku anayetaka kutundika rafu na pazia, kuunganisha kabati na stuli, na mara mojamoja kutoboa chuma cha geti. Bei tumeziacha kwa sababu hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Ila ukichukua mashine za chapa moja, ya waya kwa kawaida huwa nafuu kuliko ya betri inayofanya kazi ileile.

Nafasi ya kwanza: drili ya waya yenye kugonga, taya (mdomo unaoshika biti) za milimita 13, wati 600 hadi 750

Kama utanunua moja tu, nunua hii. Inazunguka tu kwa mbao na chuma, inazunguka huku ikigonga kwa ukuta, na inarudi nyuma kwa kufungulia skrubu. Bosch GSB 13 RE ina wati 600, Makita HP1630 ina wati 710, na Ingco na Total wanatengeneza za kiwango hichohicho kwa bei ya chini. Kwa matumizi ya wikendi hizi za bei ya chini zinatosha. Kwa fundi anayetoboa kutwa nzima, hapana.

Ndani yake kuna sahani mbili za chuma zenye meno. Ukisukuma mashine ukutani, meno yanakutana na kurukiana, na biti inapiga makumi ya maelfu ya mapigo kwa dakika. Kila pigo ni dogo, na ukubwa wake unategemea unavyosukuma. Ndiyo maana kwenye bloku tundu la milimita 8 linapita bila jasho, lakini kwenye lenta mashine ileile inasuasua na mikono inakufa ganzi. Ukisikia mlio umebadilika kuwa wa chuma kwa chuma na vumbi limekoma kutoka, umekutana na nondo. Usibishane nayo, utaikata makali ncha ya biti. Sogea sentimita tatu pembeni uanze upya.

Vitu vitatu vya kukagua kabla ya kulipa. Cha kwanza ni kitufe: lazima mwendo uongezeke kadiri unavyobonyeza. Biti ya milimita 10 kwenye chuma cha kawaida inataka mizunguko kama 800 kwa dakika, na ya milimita 3 inavumilia 2,500. Drili yenye mwendo mmoja wa 2,800 itaichoma ile kubwa na kuimaliza makali upesi.

Cha pili ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Tafuta vifuniko viwili vidogo vya duara pembeni mwa mota, vyenye mfuo wa bisibisi. Vikiwepo, kubadilisha kaboni ni kazi ya dakika tano. Visipokuwepo, itabidi ufungue mashine yote, na huo ndio mwanzo wa springi kurukia chini ya meza. Kaboni zikibaki na urefu wa milimita 5 hivi, badilisha zote mbili pamoja. Ukisubiri mpaka cheche zijae ndani ya mota, unaanza kula shaba ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka), na amecha mpya huweza kukaribia bei ya drili nzima.

Cha tatu ni taya. Za kukaza kwa ufunguo zinashika vizuri zaidi wakati wa kugonga, na vumbi la saruji haliziharibu upesi. Kaza kwenye matundu yote matatu, sio moja tu, biti ikae katikati.

Halafu kuna plagi. Nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za duara, na muuzaji anakupa adapta. Adapta hiyo hulegea kwa mtikisiko, inapiga cheche, na mwisho inayeyuka. Ikate uweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 5. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba kwenye lebo, mashine ina kinga maradufu ya umeme na waya wake ni wa nyaya mbili tu: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, na pini ya ardhi inabaki tupu. Ukitumia ekstensheni ya kuzungushia, ikunjue yote hata kama unahitaji mita mbili.

Nafasi ya pili: drili ya betri ya volti 18 yenye kugonga

Kwa kuunganisha samani na kufunga skrubu, hii inaipita ya waya kwa mbali. Ina pete yenye namba inayoachia skrubu inapofika kikomo, kwa hiyo haizamishi kichwa kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa). Ina gia mbili: namba 1 kwa skrubu na matundu makubwa, namba 2 kwa matundu madogo. Na umeme ukikatika kazi inaendelea. Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu, nayo ni betri.

Volti 18 na volti 20 ni kitu kilekile. Betri ina seli tano; kila moja ikijaa inasoma volti 4 na kidogo, jumla 20 na ushei, na ikiwa kazini inasimama kwenye 3.6, jumla 18. DeWalt huuza mashine za aina hiyo Marekani kwa jina la volti 20 na Ulaya kwa volti 18. Kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili ya namba. Zile zilizoandikwa 48VF, 88VF au 128VF ndizo za kuepuka kabisa, kwani herufi hizo mbili hazipimi chochote. Fungua betri utakuta seli zilezile.

Kabla ya kununua uliza swali moja: betri hii mnaiuza peke yake? Kama jibu ni hapana, umenunua mashine itakayokufa siku betri itakapokufa. Chukua seti yenye betri mbili za Ah 2 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) badala ya moja ya Ah 4, moja ifanye kazi nyingine ikichajiwa. Usiiache betri kwenye gari lililoegeshwa juani, na ukijua hutaitumia kwa miezi, ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji. Seli za lithiamu huchakaa haraka zikikaa kwenye joto zikiwa zimejaa, na zikiachwa tupu kwa muda mrefu chaja inaweza kuzikataa.

Kama huna umeme wa uhakika, au kazi yako yote ni mbao, ipandishe hii iwe ya kwanza.

Nafasi ya tatu: mashine ya SDS-plus (drili ya nyundo yenye biti za mkia maalumu)

Hii haitegemei nguvu za mkono. Pistoni inabana hewa, hewa inarusha nyundo ndogo, nyundo inapiga mkia wa biti kwa nguvu ya jouli 2 hadi 3. Bosch GBH 2-26 na Makita HR2470 ndizo ambazo nyingine hupimwa nazo. Kwenye zege, tundu ambalo drili ya kawaida ingelihangaikia dakika mbili hii inalimaliza upesi, na ukichagua yenye kazi ya tatu ya kugonga bila kuzunguka, inachimba hata njia ya bomba na kubandua vigae.

Tatizo ni kwamba ni nzito, na mdomo wake unapokea mkia wa SDS wa milimita 10 wenye mifuo, haupokei biti ya kawaida. Kuna taya za kuchomeka za kukuwezesha kutoboa mbao, lakini zinacheza, na tundu halitoki safi. Anayeishi ghorofa la zege aanze na hii, kisha aongeze ya betri. Biti yake pakaa grisi kidogo kwenye mkia kila unapoibadilisha, na usiibonyeze sana ukutani: ukiisukuma kwa uzito wa mwili unaizuia kupiga.

Nafasi ya nne: ya betri ya volti 12

Nyepesi, inaingia ndani ya kabati, inafaa bawaba na jipsamu. Ukutani isipelekwe.

Za kuacha dukani

Drili ya waya isiyogonga yenye taya za milimita 10. Pia ile mashine fupi ya kukazia skrubu yenye mdomo wa pembe sita wa robo inchi: ni nzuri sana kwa paa na skrubu ndefu, ila si drili, na wauzaji wengine huitoa kana kwamba ndiyo.

Kuhusu mtumba, soma lebo kabla ya kitu kingine chochote. Vifaa vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120, na vile vya Uingereza vyenye plagi ya njano ya duara ni 110, vya kwenye maeneo ya ujenzi. Ukivichomeka kwenye 230 vinavuma kwa sauti ya juu, vinatoa moshi, na biashara imeisha. Transfoma ya kushushia volti inakula faida yote uliyopata kwenye bei.

Jaribio la dakika mbili dukani

Iombe ichomekwe. Funga biti ndefu, izungushe polepole, utazame ncha: ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, shafti au taya zimepinda, omba nyingine. Washa kwa kasi kamili kwa nusu dakika, kisha nusa kwenye matundu ya hewa. Harufu kidogo ya vanishi kwa mashine mpya ni kawaida, ya kuungua si kawaida. Hakikisha boksi lina mpini wa pembeni na fimbo ya kupimia kina. Mpini huo si pambo: biti ikinasa ghafla, ndio unaookoa kifundo cha mkono.

Hela iliyobaki iende kwenye biti

Drili ya wastani yenye biti kali inaishinda drili ghali yenye biti butu. Anza na hizi: za ukuta milimita 6, 8 na 10 zenye ncha ya kabaidi, za kutoboa chuma za HSS (aina ya chuma kigumu cha kukatia) 3, 4, 5, 6 na 8, na za mbao zenye ncha ya sindano katikati. Ukitengeneza makabati, ongeza ya milimita 35 ya bawaba za kikombe. Kikombe kinataka kina cha milimita 12 hadi 13, kwa hiyo kwenye ubao wa milimita 16 ncha ya katikati inaweza kutokea upande wa pili. Weka alama ya kina kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na usiamini jicho.

Kwenye mninga au mvule, skrubu ya milimita 4 haiingii bila tundu la milimita 3. Ukiilazimisha inakatika kichwa, au ubao unapasuka karibu na mwisho wake. Kwenye saipresi, 2.5 inatosha. Chuma kipige senta panchi kwanza, biti isiteleze, na udondoshee mafuta.

Fisha (kile kipande cha plastiki kinachoingizwa ukutani kushika skrubu) kulegea ndiko kunakolalamikiwa zaidi, na sababu huwa mbili. Biti iliyochezacheza imetoa tundu la 9 badala ya 8, au fisha imeishia ndani ya plasta. Plasta ya milimita 15 haibebi kitu. Fisha ya milimita 8 ina urefu wa kama 40. Ongeza unene wa plasta, ongeza 10 za vumbi linalobaki chini, kisha puliza vumbi litoke kabla ya kuipigilia. Fisha yenyewe yote ikae ndani ya bloku, na skrubu iwe ndefu ya kuivuka.

Kwenye vigae, zima kugonga. Tumia biti ya kabaidi yenye umbo la ncha ya mkuki, bandika utepe wa karatasi juu ya alama, zungusha polepole na umwagie maji kidogo kwa kijiko, mtu mwingine akishika kijiko ili maji yasiingie kwenye mashine. Ukishapita kigae tu, badilisha biti iwe ya ukuta, na hapo ndipo uwashe kugonga.