Ooma Telo: simu ya mezani ya mamangu, kutoka Lowell hadi Lamu

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu hapa Lowell, Massachusetts, huniuliza kwanza. Boksi la Telo la kampuni ya Ooma, linalopitisha simu ya mezani kwenye intaneti, nililinunua jipya kwa karibu dola 100, na tangu hapo bili yetu ya simu ya nyumbani imekuwa kodi na ada za serikali tu, dola chache kwa mwezi. Awali tulikuwa tukilipa zaidi ya dola 40 kila mwezi kwa kampuni iliyotuuzia intaneti na simu kwa pamoja, na ndani ya hizo 40 hamkuwa na hata dakika moja ya kupiga Kenya. Hesabu yake haihitaji kalamu. Miezi michache tu, boksi limeshajilipa.

Najua wenzangu wa rika langu watauliza simu ya mezani ni ya nini siku hizi. Mamangu ameshapita miaka sabini, anaishi nami, na macho yake hayapatani na simu ya kugusa kioo. Yeye anataka simu yenye vitufe vikubwa, ya kuinua na kuongea, ikae pale pale kando ya kiti chake, isiyodai kila wiki eti isasishwe. Nami kazi yangu ni zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikiwa huko nataka nijue kwamba akiinua mkonga atanipata, na Mungu apishe mbali, akihitaji ambulensi atabonyeza 911 nao wajue ni nyumba gani. Simu ya mezani kwetu ni haja ya kila siku, kwa hiyo swali langu lilikuwa moja tu: nitaipataje bila kunyonywa?

Telo ni kiboksi cheusi kidogo cha kukaa juu ya meza. Unakichomeka kwenye rauta yako ya intaneti kwa waya, halafu simu yako ile ile ya zamani unaichomeka kwenye tundu la simu lililo nyuma yake. Kabla hujakiwasha, unaingia kwenye tovuti yao, unaandika nambari ya siri iliyobandikwa chini ya boksi, unachagua nambari ya simu na unaandika anwani ya nyumba. Hiyo anwani iandikwe vizuri, pamoja na nambari ya ghorofa, kwa sababu ndiyo watakayoiona watu wa 911. Tangu mwaka 2005 sheria ya hapa Marekani inazilazimu kampuni za simu za intaneti kutoa huduma hiyo ya dharura, lakini boksi lenyewe halijui liko wapi. Ukihama, ni wewe wa kubadilisha anwani. Taa ikiwa ya buluu, mambo shwari. Ikiwa nyekundu, intaneti haijafika. Mamangu nimemfundisha rangi mbili hizo tu na zinamtosha.

Sauti ni safi. Mlio wa kuanzia ukiinua mkonga si ule wa kawaida, una kijimuziki chake, na mama alipousikia mara ya kwanza alidhani simu imeharibika. Sasa anaupenda.

Niseme wazi kuhusu neno "bure" ambalo Ooma wanalitangaza. Kupiga popote ndani ya Marekani hulipi, ni kweli, lakini kodi na ada za kila mwezi zipo, na kiasi chake hutegemea mtaa unaoishi. Kwenye tovuti yao unaandika msimbo wa posta unaonyeshwa kiasi chako; fanya hivyo kabla ya kununua. Ipo pia huduma ya juu iitwayo Premier, kama dola 10 kwa mwezi, yenye laini ya pili na uwezo wa kuzuia simu za matapeli. Mwanzoni niliona haituhusu. Sasa naona mwenye mzee nyumbani afikirie hiyo ya kuzuia matapeli, maana wazee hapa hupigiwa kila siku na watu wanaojifanya wa bima ya afya au wa serikali.

Kasoro kubwa ni umeme. Ile simu ya kale ya waya wa shaba ilikuwa ikivuta umeme wake kutoka kwa kampuni, taa zikizimika nyumbani yenyewe inalia vilevile. Hii ya intaneti, umeme ukikatika, rauta inazimika na boksi linakufa nayo. Massachusetts wakati wa baridi, theluji ikiwa nzito na upepo umeangusha nyaya, hilo si jambo la kupuuza. Nimenunua betri ya akiba, ile inayouzwa kwa ajili ya kompyuta, nikachomeka rauta na boksi humo. Nawaomba kila mwenye mzazi nyumbani afanye hivyo na aihesabu gharama hiyo kama sehemu ya bei ya simu. Na kama nyumba yako ina king'ora cha wezi au kifaa cha dharura kinachotumia laini ya simu, kiulizie kwanza, kwani baadhi ya vifaa hivyo havielewani na simu za intaneti.

Sasa tuje nyumbani, maana hapo ndipo pesa zetu nyingi zilipokuwa zikiishia.

Mama mdogo yuko Lamu na ana kabambe, ile mulika mwizi ya vitufe yenye tochi. Betri yake inakaa siku kadhaa, haogopi kuiangusha, na hataki nyingine. Tumewahi kumpelekea simu ya kisasa, akampa mjukuu. Kwa hiyo mtu akiniambia WhatsApp ni bure, namwuliza ni bure kwa nani? Kwake hakuna WhatsApp. Na hata kwa wale ndugu walio nayo, kuongea nusu saa kunakula bando walilonunua kwa pesa zao, na mara nyingi aliye kule ndiye asiyenacho. Simu ya kawaida kwa Kenya anayepokea halipi hata senti. Hiyo ndiyo maana yangu ya kuendelea kulipia dakika: gharama iwe kwangu mimi niliye na mshahara wa dola, isiwe kwa mama mdogo.

Kwenye Telo, simu za nje unazilipia kabla. Unaweka salio kwenye akaunti yako, na bei ya kila nchi imeandikwa kwenye tovuti. Mamangu anapiga moja kwa moja: 011, halafu 254, halafu nambari ya mama mdogo bila ile sifuri ya mbele. Tarakimu nyingi hizo kwa mzee, kwa hiyo nimezihifadhi kwenye kitufe cha 2 cha simu yake. Anabonyeza, anakaa, anangoja. Mama mdogo naye akiwa na neno anaflashi tu, nambari yake inaonekana kwenye kioo, mama anampigia. Saa mbili usiku ya Lamu, baada ya isha, ni saa sita mchana hapa wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto saa zikisogezwa mbele. Mama anaijua ratiba hiyo kuliko mimi.

Hapa kuna jambo ambalo Wakenya na Watanzania wengi hawalitazami, nalo linawala pesa. Kampuni karibu zote, za boksi na za simu za mkononi, zina mpango wa nyongeza wa kupiga nchi kadhaa wa kadhaa bila kikomo. Unauona, unafurahi, unaulipia kila mwezi. Soma orodha yenyewe mstari kwa mstari. Kwanza tazama kama nchi yako imo. Ikiwa imo, tazama kama ni simu za mezani tu. Mpango wa simu za mezani unamfaa Mjerumani mwenye bibi Berlin. Sisi nani kwao ana simu ya mezani? Mombasa kwetu ilikuwepo, yenye 041 mbele, na ilinyamaza zamani. Watu wote unaotaka kuongea nao wana nambari za mkononi zinazoanza na 07 au 01, na bei ya kupiga mkononi kwa kawaida iko juu kuliko ya mezani. Kwa hiyo ukilinganisha huduma, linganisha safu ya simu za mkononi peke yake, hiyo nyingine iache. Angalia pia kama wanahesabu kwa sekunde au wanakata dakika nzima hata ukiongea sekunde tano, kwa sababu simu zetu nyingi ni fupi: umefika salama, pesa umeipata, haya lala salama.

Kadi za kukwangua zinazouzwa madukani nimeziacha kabisa. Mamangu alizizoea tangu alipokuja, na zilikuwa zikimwumiza. Bango limeandikwa dakika nyingi, ukipiga sauti inakutajia dakika nyingi, halafu simu inakatika katikati ya salamu. Ada ya kuunganishwa, ada ya matunzo ya kila wiki, zote zimeandikwa nyuma kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma. Hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani baadhi ya wauzaji wa kadi hizo kwa sababu wateja hawakuwa wakipata dakika walizotangaziwa. Waliokuwa wakizinunua ni wahamiaji kama sisi, watu wa kazi za zamu, na hilo linanikera mpaka leo.

Mimi mwenyewe nikiwa nje ninatumia Rebtel, kampuni ya Stockholm iliyoanza mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba inampa kila mtu wako nambari ya hapa hapa. Ukimpigia mama mdogo unapiga nambari ya Marekani, unatumia dakika zako za kawaida ambazo zimo kwenye mpango wako wa mwezi, nao wanakuunganisha hadi Lamu. Hutegemei intaneti, na hilo unalithamini ukiwa kwenye basi ambalo mtandao wake unakuja na kwenda. Kwa anayeongea sana na nchi moja wana vifurushi vya mwezi, lakini vinajirudia vyenyewe mpaka uvisimamishe, kwa hiyo tia alama kwenye kalenda. Google Voice nayo si mbaya: kupiga ndani ya Marekani hakuna malipo na nje unalipia kwa dakika, ila inataka mtu anayeweza kutumia programu. Waliokuwa na Skype wanajua ilifungwa Mei 2025, na wazee wengi tuliokuwa tumewafundisha kitufe kimoja cha buluu ilibidi tuanze nao upya. Hiyo pia ni sababu ya kupenda mkonga na vitufe. Kampuni ikibadilika, mimi nabadilisha boksi usiku mmoja na mama haoni tofauti.

Ukiamua kuhamia Telo na unataka kubaki na nambari yako ya zamani, yetu inaanza na 978, msimbo wa eneo letu, na mama ameshaigawa kwa msikiti mzima, usikate huduma ya zamani kwanza. Omba uhamisho kupitia Ooma, lipa ada yao ya mara moja, karibu dola 40, na uiache laini ya zamani iendelee mpaka nambari ifike upande wa pili. Ukikata mapema nambari inaweza kupotea. Jina na anwani kwenye ombi viwe sawasawa na vilivyo kwenye bili ya zamani, hata herufi moja isizidi. Sisi bili ilikuwa kwa jina la marehemu baba, kwa hiyo ilibidi kwanza kampuni ile ibadilishe jina, ndipo tukaomba. Wakati wa kungoja, Telo inafanya kazi kwa nambari ya muda, kwa hiyo nyumba haikai bila simu.

Kijana anayeishi peke yake na simu nzuri mfukoni, huna haja na boksi hili. Weka pesa zako kwenye dakika za Kenya. Mwenye mama, baba au bibi ndani ya nyumba, linunue, na ununue na betri yake siku hiyo hiyo.