Lenzi za kupigia ndege wanaoruka: angalia swichi kwanza, milimita baadaye

Tangu niweke ile picha ya furukombe (tai mla samaki) niliyempiga kwenye maziwa ya Momela, Arusha, ujumbe ninaopokea ni wa aina moja: "Dada, na mimi nina lenzi ya milimita 300, mbona ndege wangu wote wana ukungu?" Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi kanitumia picha arobaini. Miti ya nyuma imetulia vizuri, unaweza kuhesabu miiba ya migunga. Ndege mwenyewe ni doa la kijivu. Niliujua ugonjwa kabla sijauliza anatumia lenzi gani, maana nimeuugua miaka miwili.

Mimi nilinunua zumu ya 70-300 Kariakoo, laki saba na nusu, mpya ndani ya boksi. Muuzaji akaapa kwamba inavuta mpaka mwezini. Kuvuta inavuta. Siku ya kwanza ziwani furukombe akashuka kutoka mtini, kucha mbele, nikabonyeza. Lenzi ikaanza kuunguruma: ikaja mpaka mita moja na nusu, haikuona kitu, ikarudi mpaka mwisho wa mbali, ikampita, ikaja tena. Ilipokuja kumshika, samaki alikuwa anararuliwa juu ya tawi.

Kwa hiyo megapikseli na idadi ya picha kwa sekunde sizigusi, wauzaji wanaziimba kutwa. Angalia swichi ya kuzuia fokasi, yaani inayoiwekea lenzi mpaka wa umbali inapotafuta kitu cha kukitoa bila ukungu. Iko ubavuni mwa lenzi, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, jirani na ile ya AF na MF (fokasi ya kujiendesha na ya mkono). Upande mmoja imeandikwa FULL, upande wa pili kuna namba ya mita na alama ya nane iliyolala, maana yake mbali bila mwisho. Ukiisukuma kwenye namba, lenzi haitafuti tena kitu kilicho karibu kuliko hapo. Ikimpoteza ndege inamsaka huko huko aliko, haifungi safari ya kuja mpaka puani kwako na kurudi. Ndege yuko mita 30, ya nini kupekua mita mbili?

Ya kwanza kwangu ni Canon EF 400mm f/5.6L, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Canon. Ilitoka mwaka 1993 na haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata iliyotumika, na kwenye kamera za R, zile mpya za Canon zisizo na kioo ndani, utahitaji adapta. Swichi yake inaanzia mita 8.5. Uzito ni kilo moja na robo, unaishika mkononi asubuhi nzima bila stendi. Wengi wanaikimbia kwa sababu haina zumu wala kituliza mtikisiko. Lakini ndege anayeruka unampiga kwa shata ya 1/2000 ya sekunde, na kwa kasi hiyo mtikisiko wa mkono hauonekani. Kasoro yake ya kweli ni kwamba haishiki kitu kilicho chini ya mita 3.5, kwa hiyo ndege mdogo kama chozi akija kwenye ua lililo mbele yako utamtazama tu. Na kumpata ndege ndani ya nyuzi sita tu za upana ambazo lenzi hii inaona kunataka mazoezi. Anza na mwari, ni mkubwa na hana haraka. Furukombe atafuata, na mdiria, ambaye ni mdogo na ana mbio, mwachie mwezi wa tatu wa mazoezi.

Ya pili, kama fedha ipo, ni Canon RF 100-500mm. Swichi inaanzia mita 3, naona ni karibu mno, ila mota zake za kusogeza fokasi ni mbili na zina mbio. Ukifika 500 tundu la kupitisha mwanga linabana mpaka f/7.1, alfajiri kukiwa na giza utaumia.

Ya tatu ni Sony 200-600mm. Hii swichi yake imenitia wivu: FULL, mita 10 kwenda mbali, na mita 10 kuja karibu. Bomba lake halirefuki ukizumu, kwa hiyo halivuti vumbi. Ila ni kilo mbili na ushee, bega litasema. Watu wa Nikon wana 200-500mm, swichi kuanzia mita 6, nzito zaidi na mota si ya haraka. Sigma 150-600mm Contemporary nayo inaanzia mita 10, naiweka ya nne.

Za bei ya chini, yaani Canon 75-300 na 55-250, hazina swichi hiyo. Hata RF 100-400, nyepesi na nzuri kwa mengine, hawakuiwekea. Kama unayo tayari, shika kwanza fokasi kwenye mti ulio umbali wa ndege, ndipo umfuate yeye.

Sasa hawa wauzaji. Wanaweka picha ya lenzi kwa mbele, kioo kinang'aa, ubavu hauoni. Ukiuliza bei, "njoo inbox dada". Ukienda inbox unaulizwa bajeti yako ni kiasi gani, na bei inakuja imeshonwa kwa kipimo cha bajeti uliyotaja. Lenzi moja, duka moja, siku moja: mimi niliambiwa milioni mbili na laki mbili, kaka yangu akaambiwa milioni moja na laki tisa. Ukitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda. Ukitaka kuijaribu, "ukifungua umenunua". Inaniuma, kwa sababu hiyo ni akiba ya mwaka mzima ya mtu.

Siku nilipoinunua 400 yangu nilisimama mlangoni pa duka karibu dakika ishirini. Nikalenga bango la ng'ambo ya barabara, nikaweka kiganja mbele ya lenzi, nikakiondoa, bango tena. Kwanza kwenye FULL, kisha kwenye 8.5. Muuzaji akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia mota.