Halua ya Idi imedungwa kalamu

Nilikusudia kuandika maneno mawili tu: mzigo ulifika, ahsanteni. Lakini nimekaa nikaikumbuka ile kalamu, na damu imenichemka upya.

Kwenye kumi la mwisho la Ramadhani nilipeleka boksi kwa kampuni moja ya vifurushi hapa Mombasa. Siwataji, wakisoma watajijua. Mzigo ni wa dadangu aliyeko Leicester: halua kilo 2 ya Mji wa Kale, ile nyeusi yenye lozi; vileja; na visheti ambavyo mamangu alivipiga shira mwenyewe usiku, baada ya tarawehe, na huo mgongo wake anaoulalamikia kila siku. Kaimati sikuthubutu. Kaimati huliwa siku yake, lakini halua hukaa wiki kadhaa bila friji na isikushtaki.

Msichana wa kaunta akafungua boksi. Kuuliza mna nini ndani, hiyo nampa haki yake. Uingereza hawataki nyama wala maziwa kutoka kwetu, na mimi nilipoulizwa kama mna maziwa nilisema hamna, kwa kinywa kipana. Samli nilikuja kuikumbuka nimo matatuni narudi nyumbani. Lakini si kuuliza ni kwa mdomo? Yeye alichukua kalamu ya bluu aliyokuwa akiandikia risiti, akaidunga halua juu ya plastiki yake. "Mama, hii ni nini, gundi?" Mwenzake akaangua kicheko. Na mimi, mtu mzima na buibui langu, nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Mizani ikasema kilo 4. Akatoa futi akapima boksi: sentimita 50 kwa 35 kwa 20. Akazidisha, akagawa kwa 5,000, zikawa kilo 7, na hizo ndizo nilizolipia. Kumbe mzigo mwepesi hulipiwa nafasi unayokula ndani ya ndege. Visheti vina upepo, basi nimelipia upepo kilo 3. Nasikia kampuni zote ndivyo zifanyavyo, kwa hivyo siwalaumu. Au nawalaumu kidogo: angeniambia kabla ya kukata risiti, ningekwenda kutafuta boksi dogo duka la pili.

Siku 5, waliniahidi. Ulifika Idi imeshaliwa, watu wamesharudi makazini. Dadangu akapiga simu ya video akifungua. Samli ilikuwa imetokea kwenye kile kitundu, ikateremkia visheti, sukari imelowa, vyote vimeshikana donge moja. Vileja, ambavyo huvunjika ukivikazia macho, ndivyo vilivyofika vizima! Na juu ya halua, pale pale palipodungwa, doa la wino wa bluu, duara, kama chanjo. Mamangu alikuwa ubavuni mwangu. "Hicho kibuluu ni nini?" Nikamwambia ni kioo cha simu tu, mama.

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hapana chini ya hapo.

Ingawa dadangu anasema watoto walilikwangua lile donge kwa vijiko mpaka karatasi ikalia. Na yule dereva wa kule alikuta nyumba imefungwa, akarudi jioni badala ya kuutupa mzigo mlangoni kwenye mvua. Haya, nyota mbili. Ya pili ni ya dereva, yule msichana asiiguse.

Ningempa msafiri, lakini wasafiri wa siku hizi kilo zao 23 zimeshaahidiwa watu tangu Rajabu, na wa mwisho niliyempa alinirudishia vileja uwanja wa ndege mbele ya watu. Idi ya Mfungo Tatu hiyo inakuja, na mamangu ameshaanza kuuliza boksi. Nimepata moja la sentimita 30. Nitarudi kwa wale wale, kaunta ile ile, na safari hii sibanduki mpaka niione gundi inapigwa juu ya kifuniko.