TAHADHARI: Muuza rili "za baharini" ni tapeli, msimtumie hela

Ndugu zangu wavuvi, naandika hii nikiwa bado na hasira na sitaki kuipoza. Kuna mtu anauza rili (mashine ya kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia) mtandaoni. Jina la ukurasa hubadilika kila anaposhtukiwa, lakini maneno yake ni yale yale: rili mpya, za baharini, mwili wa alumini, breki kilo 25 (nguvu ya kuzuia uzi usitoke hovyo samaki akivuta), beringi 17. Ni mwongo na ni mwizi. Akikufuata inboksi usimjibu hata salamu.

Yaliyoikuta rili yangu ya zamani siyarudii hapa. Nilitaka nyingine haraka, na nilikuwa nimeshaamua kuchukua ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo spuli yenyewe, yaani kigurudumu kinachobeba uzi, ndiyo inayozunguka. Nikamwambia hivyo. Sasa sikilizeni alivyonijibu, maana hapo ndipo aliponishika.

Hakukimbilia kuuza. Aliniuliza, "Kaka, wewe unavua zaidi kwenye boti au unasimama kwenye mawe unarusha?" Nikamwambia kwenye mawe, boti ni mara moja moja. Akasema, "Basi hiyo ya juu utaijutia. Kwa kuburuta chambo nyuma ya boti ni sawa, uzi unaingia moja kwa moja haukunjwi kona, inavuta mzigo. Lakini kurusha na upepo uko usoni, spuli ikizunguka kasi kuliko chambo kinavyokwenda, uzi unafumuka na kufungana mafundo, siku imeisha. Chukua ya kuning'inia chini ya fimbo. Spuli imesimama, uzi unajitoa wenyewe."

Yote hayo ni kweli! Ndiyo maana yananiuma. Nilipomuuliza gia akasema 5.2 kwa 1, na akaeleza bila kubabaika: ukizungusha mkono wa rili mara moja, kile kichwa kinachokusanya uzi kinazunguka mara tano na kidogo, gia ndogo kwa nguvu, gia kubwa kwa kasi. Nikamuuliza washa za breki, vile visahani vinavyosuguana ndani yake, akasema za kaboni. Mtu anayejua hadi washa za breki, nimtilie shaka ya nini? Tapeli niliyemzoea mimi ni yule asiyejua hata rili inafungwa upande gani wa fimbo. Huyu anaijua kazi, ila ameamua kuitumia kuibia wenzake.

Akanipigia simu ya video. Akaishika rili karibu kabisa na kamera, akazungusha mkono taratibu, haina kelele, laini kama siagi. Akakaza breki, akauvuta uzi kwa kidole, ikalia trrr, trrr, safi. "Umeisikia mwenyewe?" Nimeisikia. Nikatuma hela yote palepale.

Boksi lilikuja limefungwa vizuri, rili inang'aa, imepakwa mafuta. Kwa mkono ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, ila wengi wetu tunapenda rili nyepesi, mkono hauchoki.

Nikaenda nayo kuvua mbele za watu. Samaki aina ya kolekole akapiga chambo. Breki ikagoma, haikutoa uzi hata shubiri, halafu ikaachia kwa mshtuko, ikagoma tena. Nikaanza kuvuta, mkono wa rili ukarudi nyuma wenyewe, unazunguka kinyume na samaki anaondoka. Kisha krak, ndani kwenye gia. Uzi ukakatika. Kila mtu pale ananitazama nimeshika rili inayozunguka bure, na mimi ndiye niliyewaambia asubuhi kwamba hii ni ya baharini.

Nyumbani nikaifungua. Meno ya gia yamenyolewa, ni chuma laini cha kijivu. Washa ya breki ni kipande kimoja cha kitambaa kikavu. Kaboni hakuna. Mahali pa beringi pamewekwa pete za plastiki. Alumini ni rangi tu juu ya plastiki, na skrubu zilishaanza kutu ingawa niliziosha kwa maji yasiyo na chumvi. Hii ni rili ya vidagaa vya bwawani iliyovalishwa nguo za bahari.

Nikamtumia picha. Akaniuliza kama nimeikaza breki kupita kiasi. Kisha akaniblok.

Mkitaka dalili: hataki kupiga picha ukingo wa spuli, pale panapoandikwa inabeba mita ngapi za uzi wa unene gani. Muombe afungue kifuniko cha pembeni kwenye video, atakwambia garantii itaharibika. Hiyo kilo 25 nayo ni ya kuvutia wateja tu. Kwa uzi unaohimili kilo 15, breki unaiweka robo hadi theluthi ya nguvu yake, kilo 4 au 5 hivi, na unataka itoe uzi bila kugomagoma. Na wingi wa beringi hauzuii chumvi kuingia. Kuna na mengine ila sasa hivi kichwa kimejaa.

Ninachotaka ni akamatwe. Siyo ukurasa kufungwa, kesho atafungua mwingine. Mwenye risiti, meseji, namba aliyotumia kupokelea hela, andikisha polisi kama nilivyoandikisha mimi, tuwe wengi asiweze kusema ni ugomvi wa mteja mmoja. Arudishe kila senti na ashtakiwe. Watu wanategemea hivi vitu kulisha watoto!

Na wewe uliyeandika jana kwamba umemlipa nusu na anakudai salio kabla hajatuma mzigo: usitume. Piga huduma kwa wateja ya huko ulikolipia sasa hivi, omba muamala uzuiwe, halafu njoo inboksi nikupe namba ya jalada.