Gurudumu la nne la kazi gani? Niken na MX-5 kwenye barabara za Mombasa

Je, pikipiki ya magurudumu manne inayolala, yaani inayoinamia ndani, kwenye kona inaweza kushindana na gari la spoti? Swali hili lilianza kuvuma 2007, Yamaha ilipoweka Tesseract kwenye maonyesho ya Tokyo. Mwaka wa 2017 ikaja MWC-4, nayo ya magurudumu manne. Zote mbili zilibaki kuwa za maonyesho. Quadro4 ya Uswisi iliuzwa kweli, lakini ile ni skuta ya cc 346, haiwezi kushindana na gari la spoti. Kwa hivyo mizani yangu ni Yamaha Niken, ya magurudumu matatu (mawili mbele, moja nyuma), cc 847, ambayo ndiyo ndugu wa karibu aliyefika dukani. Upande wa pili ni gari la spoti, Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, injini ya lita 1.5. Zote nimezitumia kisiwani, Likoni, na barabara ya kwenda Mtwapa.

Kwa nini chombo cha namna hii lazima kilale? Mtazame mwenye tuktuk akiingia raundabauti kwa kasi. Gurudumu la ndani linanyanyuka, abiria wanashikilia vyuma, naye mwenyewe anainamia ndani. Tuktuk ni nyembamba na uzito wake uko juu, basi kona inataka kuipindua. Magurudumu ya mbele ya Niken yameachana milimita 410 tu. Ingekuwa hailali, ingepinduka kabla ya tuktuk. Ikilala digrii 45 inahimili msukumo wa kona ulio sawa na uzito wake mzima, na matairi mawili ya mbele yanagawana mzigo karibu nusu kwa nusu. MX-5 haina haja ya kulala. Ina upana wa milimita 1,735 na imekaa chini, ila mzigo mwingi wa kona unayaangukia matairi ya nje.

Faida ya Niken unaionea kwenye mchanga. Pikipiki ya kawaida ikiteleza tairi la mbele, umeshaanguka, hakuna muda wa kurekebisha. Kwa Niken, tairi moja likipanda mchanga ulioletwa na mvua pembeni mwa lami, la pili bado limeshika. Usukani unatikisika kidogo, unaendelea na safari. Hata dizeli iliyomwagwa na malori upande wa Changamwe haitishi kama zamani, mradi isiwe imefunika njia nzima.

Sasa hilo la nne, nyuma, linaongeza nini? Kwa kushika kona, kidogo mno. Tairi la nyuma likiteleza, dereva mzoefu analegeza mafuta na chombo kinarudi. Linaloangusha watu ni la mbele, na hilo limeshatibiwa na gurudumu la tatu. Ukiweka mawili nyuma unahitaji difu, au namna nyingine ya kuyaacha yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, pamoja na mikono ya kuyalaza. Niken tayari ina kilo 263. Kila kilo unayoongeza utaisukuma kwa miguu yako ukitaka kuigeuza kwenye kichochoro cha Mji wa Kale.

Ila mashimo yananifanya nisite. Pikipiki ya magurudumu mawili inachora mstari mmoja, unapenya ubavuni mwa shimo. Gari linachora miwili, unalipitisha shimo katikati. Niken inachora mitatu: ukilikwepesha shimo katikati ya matairi ya mbele, la nyuma linatumbukia humo humo. Kwa ya magurudumu manne, matairi ya nyuma yangefuata nyayo za yale ya mbele. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito pekee ya gurudumu la nne, na hata hivyo upana wa sentimita 40 unavuka shimo dogo tu.

Kwa mbio, usidanganyike na uzito mdogo wa MX-5. Lina takriban kilo 1,000 na nguvu za farasi zipatazo 132. Niken ina 115. Mtu wa kilo 80 akikaa, gari linabeba kama kilo 8 kwa kila farasi, Niken kilo 3. Hakuna mashindano. Kwenye breki mambo yanageuka: gari lina milimita 2,310 kati ya ekseli na dereva amekaa karibu na lami, kwa hivyo unakanyaga mpaka mwisho bila nyuma kutaka kunyanyuka. Gurudumu la nne lisingeiponya Niken hapo, kwa sababu tatizo ni urefu wa kimo na ufupi wa chombo. Na foleni ya daraja la Nyali? Niken ina milimita 885 upande kwa upande. Inapenya panapopenya bodaboda, ukichunga vioo vya matatu.

Watu wengi hudhani magurudumu matatu yanasimama yenyewe. Niken haina kufuli ya kuizuia isilale. Ukisimama, weka mguu chini, la sivyo itakulalia.

Matunzo. Mbele ya Niken kuna mirija minne ya shokomzoba, miwili kila gurudumu, na viungo vingi vya mikono ya kulalia. Chumvi na vumbi hula sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje, kwa hivyo pangusa mirija kwa kitambaa laini chenye unyevu kila wiki. Kila miezi mitatu inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likigonga, beringi au kiungo kimeanza kuisha. Tairi za mbele ni 120/70 R15, saizi usiyoikuta kwa muuza tairi wa kawaida. Agiza jozi kabla hazijafika mwisho.

MX-5 litafute kwa jina la Roadster, ndivyo linavyoitwa Japani, na lisizidi miaka minane, maana forodha haitalipokea. Upepo wa tairi za 195/50 R16 ni psi 29, na mhudumu wa petroli atataka kukujazia 35. Mkatalie, gari litaanza kurukaruka. Halina tairi la akiba. Kwenye matuta pita kwa mshazari. Kwenye mteremko wa kuingilia feri ya Likoni huwezi, utapangwa moja kwa moja, basi ingia polepole sana. Ukitoka hapo osha chini siku hiyo hiyo, kwa maji ya mfereji: visima vingi vya hapa vina chumvi, na muosha magari hakuambii anatumia maji gani.

Paa la kitambaa lina matundu ya kutolea maji nyuma ya viti. Majani ya mwarobaini yanayaziba, mvua ya masika inaingia ndani. Ukikuta zulia la nyuma ya kiti limelowa, usikimbilie paa jipya. Pitisha waya laini wa plastiki kwenye tundu, mwagia kikombe cha maji, chungulia chini uone kama yanatoka.