Viraji ya dhahabu kwa foto za mikono: wa Bukavu tununue nini kwanza

Kama unachapaga foto kwa mikono, za chumvi, za alubumini, Van Dyke ao kalitipi, kuna siku utataka viraji ya dhahabu, ni kusema dawa ya kugeuza rangi ya foto, juu dhahabu njo inageuza ile rangi ya matofali iende ku zambarau ao nyeusi ya kubuluu, na njo inakinga feza (arja, ile madini yenye inafanya picha) isiharibike mapema. Fizeau, mwanafizikia Mfaransa, alishaitumia ku dagerotipi, zile foto za zamani za ku bamba ya feza, tangu 1840. Sisi wa Bukavu tuko na dhahabu ya Kamituga inapita mbele ya macho yetu, lakini yenye foto inataka ni kloridi ya dhahabu, na hiyo inabidi kukomande mbali.

Namba ya kwanza, na kwangu inapita zingine mbali sana: unga wa kloridi ya dhahabu, gramu moja mu kichupa cha kufungwa kabisa. Haina uzito, inasafiri vizuri, ukifika nyumbani unaiweka mu mililita 100 za maji distile unapata solusyo ya 1%. Huu unga unavuta unyevu haraka, sasa na mvua za huku usianze kuupimapima na kijiko, fungua mara moja, mimina maji mule mule ndani, suuza mpaka yote iingie mu chupa ya kioo ya kahawia. Mbele ya kulipa uliza ni aina gani. HAuCl4·3H2O iko na dhahabu nusu tu ya uzito wake, AuCl3 kavu iko na karibu 65%, kwa hiyo linganisha dhahabu, usilinganishe gramu. Bostick & Sullivan ya Santa Fe na Photographers' Formulary ya Montana, maduka ya ku Amerika, wanauzishaga hivi vitu. Kama mzigo unapitia Kigali mpaka Ruzizi, mwambie msafirishaji ni kemikali, umupe karatasi zake, usifiche mu valizi, inaunguza ngozi na nguo.

Ya pili ni solusyo ya 1% yenye iko tayari. Unavuta na seringi unamwaga, basi. Nzuri kwa mwenye anaanza, ila unalipia safari ya maji na chupa inaweza kuvuja njiani.

Ya tatu, viraji yenye imeshachanganywa, mara nyingi na tiosiyanati, kemikali ingine. Rangi yake inaelekeaga ku baridi (kubuluu), na dhahabu ndani ni kidogo.

Ya mwisho, na nawaomba sana mutu asiifanye: kununua dhahabu mbichi na kuiyeyusha nyumbani na asidi ya nitriki na ya kloridriki. Ule moshi unachoma mapafu, watoto wako mu chumba cha pili, na tena dhahabu ya mgodi iko na feza na shaba ndani, solusyo haitakuwa safi.

Vya kusindikiza sasa. Boraksi ni rahisi kupata, uliza wale wanayeyushaga dhahabu mjini, na mizani yao itakupimia gramu 3 sawasawa. Weka hizo gramu 3 mu mililita 400 za maji ya moto, acha ipoe, ongeza mililita 6 za ile solusyo ya 1%. Foto za chumvi zinatoka kahawia ya kuelekea zambarau, nzuri sana. Osha foto kwanza mpaka maji yaache kuwa kama maziwa, kisha viraji, kisha fiksateri (dawa ya kufanya foto isiendelee kubadilika ku mwangaza). Atomu moja ya dhahabu inakamata nafasi ya atomu tatu za feza, njo maana foto inapungukaga nguvu, kwa hiyo ku jua iachie iwe nyeusi kupita vile unataka. Kwa kalitipi mimi napendelea viraji ya dhahabu na tioure (kemikali ingine) kuliko ya boraksi, inaleta nyeusi tulivu, lakini vaa glavu.

Maji ya Regideso iko na klorini, usitengeneze nayo solusyo. Nunua distile, ile ya kuongeza mu batri, na usome etiketi vizuri juu asidi ya batri inakaaga karibu yake ku duka. Pensi za chuma hapana, dhahabu inajishikiza ku chuma na foto inabaki bila kitu, tumia plastiki.

Na wenye kufanya sayanotipi, zile foto za buluu, musinunue kabisa: ile buluu ni ya chuma, hamuna feza ya kubadilishana na dhahabu. Hiyo pesa nunueni karatasi nzuri ya pamba.