Shokapu za Datsun 240Z: zipi za kununua, zipi za kuziacha dukani

Mwenye Datsun 240Z akienda kutafuta shokapu, muuzaji humuuliza ana bajeti ya shilingi ngapi. Angemuuliza kwanza gari lina springi gani. Shokapu haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ikishabanwa, kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo vya valvu, ili gari lisiendelee kupanda na kushuka. Ukifunga shokapu ngumu kwenye springi laini, gari litagonga kila shimo. Ukifunga laini kwenye springi ngumu, litadundadunda hadi tairi iachane na lami katikati ya kona. Mpangilio wangu hapa chini umeanza na springi, ukafuata barabara, na pesa ikaja mwisho.

Gari lenyewe wengi wanalijua: injini ya silinda sita ya lita 2.4, uzito wa kilo elfu moja na kidogo, gurudumu zote nne zikiwa na springi inayojitegemea. Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, baada ya Mehta kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Ushindi ule umewafanya watu wanunue shokapu za mashindano kwa ajili ya gari linalotoka Jumapili kwenda kunywa kahawa. Yale yalikuwa magari ya kiwanda, yameimarishwa, na mafundi wanayasubiri njiani na spea mkononi. La kwako lina miaka hamsini na bushi ambazo huenda hazijawahi kuguswa.

Kabla ya kuagiza chochote, pima. Kwenye 240Z shokapu haikai peke yake kama kwenye pikapu. Mbele na nyuma imo ndani ya bomba la chuma linaloshuka hadi kwenye gurudumu, na springi imelizunguka bomba hilo kwa juu. Kiwandani bomba lenyewe ndilo lililokuwa shokapu: oili ilimwagwa humo ndani, pistoni ikafanya kazi humo. Siku hizi tunanunua katriji iliyofungwa kabisa, tunaitumbukiza ndani ya bomba na kuikaza kwa nati kubwa ya juu. Kwa hiyo kipenyo cha ndani na kina cha bomba ndivyo vinavyoamua. Bomba za 280Z, toleo la baadaye la gari hili, ni nene kidogo kuliko za 240Z, na katriji zake haziingiliani, hata kama muuzaji atakuapia kwamba "inaingia tu, bosi". Tena haya ni magari yaliyobadilishiwa vipande kwa nusu karne. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, fungua nati moja uone kilichomo.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni KYB Excel-G, ambayo zamani iliitwa GR-2. Ni shokapu ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, yenye gesi ya naitrojeni ya mgandamizo mdogo. Gesi hiyo huzuia oili isitoe povu, kwa sababu povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Hairekebishiki, na kwa mtu wa springi za kiwandani hiyo ni faida: hakuna cha kuchezea, hakuna fundi atakayekuja kukuharibia mpangilio. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote zinazofaa kununuliwa zikiwa mpya. Lawama utakazosikia ni mbili. Moja, kwamba ni kavu kidogo barabarani, na hiyo ni kweli ukilinganisha na shokapu za zamani za oili tupu. Pili, kwamba gesi huinua pua ya gari. Huinua, ila kidogo sana. Ukiona pua imepanda sana, angalia springi uliyofunga kabla ya kuilaumu shokapu.

Tisa kati ya wamiliki kumi ningewaambia wanunue hizi, pesa iliyobaki wanunue maunti mpya za juu (vishikizo vinavyoiunganisha shokapu na bodi) na bushi, wasahau habari hii. Maneno haya hayawafurahishi watu. Kila mtu anataka kitu chenye kitasa cha kuzungusha.

Ya pili ni Koni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapotumia pesa nyingi bila kuelewa wanachonunua. Koni za njano hurekebishwa upande mmoja tu, yaani wakati shokapu inaporefuka baada ya kubanwa. Upande wa kubanwa uko vilevile ulivyowekwa kiwandani. Wengine huona huo ni upungufu, mimi naona ni busara. Gari likiingia kwenye kona, kinacholitupa ni springi inayofunguka kwa haraka upande wa ndani. Ukidhibiti kufunguka huko, umepata sehemu kubwa ya unachokitafuta, bila kuufanya uti wa mgongo wako ulipe kila tuta.

Kinachozipa Koni nafasi hii ni springi. Kama umefunga springi fupi za kushusha gari kwa takriban inchi moja, na ni ngumu kuliko za kiwandani, KYB zitaanza kuelemewa na Koni zitakuwa mahali pake. Kama springi zako ni za asili, utalipa bei mara mbili au zaidi ili uziweke kwenye alama (kiwango cha marekebisho) laini kuliko zote na uziache hapo. Anza daima na alama hiyo laini. Panda kidogokidogo, na ukifika mahali gari linaacha kuyumba baada ya tuta, simama. Kuendelea zaidi ya hapo hakuongezi mshiko, kunapunguza, kwa sababu springi haipati muda wa kufunguka kabla ya shimo la pili. Baada ya mashimo kadhaa mfululizo gari huwa limejikunyata chini, limekaa juu ya mipira ya stopa, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho.

Jambo lingine la springi fupi: zinakula nafasi ya katriji kushuka. Fundi atakwambia aondoe mpira wa stopa ili upate nafasi. Kataa. Mpira ule ukiondoka, pistoni ndiyo itakayogonga chini, na katriji ya bei yoyote haidumu hivyo. Dawa sahihi ni kulikata bomba na kulichomelea likiwa fupi zaidi, kisha kutumia katriji fupi. Hiyo ni kazi ya mtu wa leithi, mashine ya kuchonga chuma, mwenye kuhakikisha bomba limerudi likiwa limenyooka.

Ukikubali kukata bomba, basi mlango wa Bilstein umefunguka, na ndiyo nafasi ya tatu. Hizi ni za mrija mmoja: oili na gesi vimetenganishwa na pistoni inayoelea, na gesi ina mgandamizo mkubwa. Oili ikiwa imebanwa namna hiyo haitoi povu kirahisi hata ikipata moto sana. Faida hiyo huiona mtu wa barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, ambako shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde na kupata moto mpaka huwezi kuigusa. Kwa anayejiandaa kwa mashindano ya magari ya zamani, kama East African Safari Classic inayofanyika tangu 2003, ningeanza na mrija mmoja bila kufikiri mara mbili. Lakini katriji zinazotumiwa mara nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya magari mengine, kwa hiyo kuna vipande vya kujazia chini na nati za kuchongesha. Kwa gari la lami tu, ni shughuli kubwa kwa faida usiyoihitaji.

Tokico Illumina ningeiweka juu zaidi zamani. Ina alama tano, na kila alama hubadilisha kubanwa na kurefuka kwa pamoja, na wenye Z wa Marekani waliipenda sana. Haitengenezwi tena. Ukiikuta mpya ndani ya boksi, nunua ikiwa bei ni ya kibinadamu, ukijua kwamba sili za mpira huzeeka hata kwenye shelfu na kwamba moja ikivuja hutapata mwenzake. Ukiikuta imetumika, pita.

Ya mwisho ni koiloova, zile seti kamili zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari, mfano BC Racing. Seti inazidi dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa 240Z seti hizo hudai ukate bomba la asili na kuchomelea kikombe kipya cha kushikia shokapu, maana yake hakuna kurudi nyuma. Kwa uwanja wa mbio zina sababu yake: unachagua springi unayotaka, unapima urefu wa gari kwenye kila gurudumu. Kwa barabara yenye matuta yasiyochorwa rangi, utazifunga, utafurahia picha, kisha utaanza kuzunguka mji mzima kukwepa mitaa fulani.

Kuna na njia ya wenye haraka: kupeleka shokapu zako zikajazwe oili. Kama gari lako bado lina mfumo wa asili wa oili ndani ya bomba, kubadilisha oili na sili ni kazi halali, ulitengenezwa kufunguliwa. Ila katriji iliyofungwa ikitobolewa, ikajazwa na kuchomelewa, gesi imekwisha ondoka, na oili iliyoingia haina uhusiano na valvu zilizomo. Hiyo ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Siku ya kufunga, mimina oili kidogo ndani ya bomba kabla ya kutumbukiza katriji. Si ya kulainisha, ni ya kubeba joto kutoka kwenye katriji kwenda kwenye chuma cha nje. Usijaze, kwa sababu oili ikipata moto hutanuka na itatafuta njia kupitia nati. Katriji ikishakazwa isicheze hata kidogo. Ikicheza, weka kipande chini yake, vinginevyo utasikia mlio wa kugonga na utadhani umeuziwa mbovu. Na nati ya juu kabisa isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio chenyewe. Springi ile ikiruka inaua.

Upande wa nyuma, fundi asiyelijua gari hili ataanza kwa kupiga nyundo pini ndefu ya chini inayoshika bomba kwenye mkono wa gurudumu. Mwambie aiache. Pini hiyo hushikwa na kutu kiasi cha kula siku nzima, na kwa kubadilisha katriji haihitaji kutoka. Fungua nati tatu za juu ndani ya gari, achia paipu ya breki na kinachozuia mkono kushuka, kisha linamishe bomba lije nje likiwa bado limeshikwa chini.

Ukimaliza, peleka gari kwenye alaimenti, na uombe wakuonyeshe kamba (camber), yaani gurudumu limelala kiasi gani ukilitazama kwa mbele, hata kama hawatairekebisha. Kiwandani 240Z haikupewa mahali pa kuirekebisha. Upande mmoja ukisoma tofauti sana na mwingine, kuna bomba lililopinda, na hilo hakuna shokapu ya kulitibu.